Waya, Reli na Mafuta: Ujirani wa Kenya na Uganda

Maneno ya hotuba kwa wakulima, wafanya biashara na vijana wa Chekalini, Lugari, katika kaunti ya Kakamega



Mtu akisimama kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye, hatangoja sana kabla ya kuona gari kubwa la mafuta likielekea Malaba. Nyuma yake hufuata malori ya shehena na mabasi ya abiria waendao Kampala. Katika nchi hiyo hiyo ya Lugari yapita pia reli ya zamani itokayo Mombasa. Tena, kutoka Tororo hata Lessos, zimetandazwa nyaya nene za umeme juu ya minara ya chuma.

Mwenyeji wa Chekalini amezaliwa akavikuta vitu hivi, na kitu kilichozoeleka hakiulizwi habari zake. Lakini yafaa kuuliza. Vilitoka wapi? Vinaleta faida gani, na kwa nani? Kwa nini mtu aweza kuishi karibu na waya mkubwa na jioni akawasha koroboi? Na je, mtu wa kijijini ana sehemu gani katika mambo yanayopatanwa na wakuu wa nchi mbili? Hotuba hii yataka kujibu maswali hayo moja baada ya jingine.

RELI ILITANGULIA

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Jina lake lilikuwa la Uganda, lakini yenyewe haikufika Uganda wakati huo. Mizigo ilishushwa Kisumu, ikapakiwa katika meli, ikavuka ziwa. Kazi ya kupakia na kupakua mara mbili ilikuwa ya gharama na ya kuchosha.

Kwa sababu hiyo ikatengenezwa njia nyingine kutoka Nakuru, ikapanda milima mpaka Timboroa, mahali penye kimo cha futi zipatazo 9,000 juu ya bahari, kisha ikateremka Eldoret mwaka 1924. Kutoka hapo iliendelea kupita Turbo, Lugari, Broderick Falls (ambayo sasa huitwa Webuye), Bungoma na Malaba, ikaingia Tororo. Mwaka 1931 reli hiyo ilifika Kampala baada ya kuvuka mto Nile kwa daraja la Jinja. Basi tangu mwaka huo gunia la kahawa au robota la pamba liliweza kupakiwa Kampala na kushushwa bandarini Kilindini bila kugusa maji ya ziwa.

Zamani hizo mashamba ya upande wa Lugari yalikuwa mikononi mwa walowezi. Miaka ya 1960 yalikatwa yakagawiwa wakulima wa Kiafrika, na watu wakaja kutoka pande nyingi kulima mahindi na kufuga ng'ombe. Wale waliokuja walikuta reli imekwisha kulazwa. Hawakuijenga, lakini iliwafaa, maana mkulima aliye karibu na njia huuza kwa bei isiyoliwa na usafiri.

Mfano mwingine ni Webuye. Kiwanda cha karatasi kilichojulikana kwa jina la Panpaper kilianza kazi hapo mwaka 1974, kwa kuwa palikuwapo maji ya mto Nzoia, miti ya misitu, reli na umeme. Mji ulikua upesi. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, maduka na nyumba za kupanga ziliona njaa. Katika habari hiyo mtu ajifunza mambo mawili: njia na umeme huweza kuzaa mji, lakini peke yake haviwezi kuulinda.

UMEME WA JINJA

Mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni ya Uingereza, alisafiri Uganda. Alipoona maji ya Nile yakiporomoka Jinja aliona kwamba nguvu nyingi zilikuwa zikipotea bure, nazo zingeweza kuendesha mitambo. Ilipita karibu miaka hamsini kabla ya wazo hilo kutimia. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Baadaye liliitwa Nalubaale. Serikali ya Misri nayo ilichangia gharama, ingawa iko mbali, kwa kuwa maisha ya Misri ni maji ya Nile, na bwawa hilo lashika mlango wa mto huo unapotoka ziwani.

Wakati huo Uganda ilikuwa na umeme kupita haja yake, na Kenya ilikuwa na haja kupita umeme wake. Jambo la majirani ni hilo: mmoja ana ng'ombe wa maziwa, mwingine ana watoto wengi. Mwaka 1954 iliundwa kampuni ya kujenga laini kutoka Tororo mpaka Nairobi. Mwaka 1955 mapatano yalitiwa sahihi ya kwamba Uganda itaiuzia Kenya umeme kwa muda wa miaka 50, na mwaka 1958 umeme wa Jinja ukaanza kuwaka Nairobi. Laini hiyo ilipita nchi ya Magharibi na kupanda Lessos, halafu ikateremka Bonde la Ufa.

Mambo hayakubaki vile vile. Kenya ilijenga mabwawa yake katika mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mwaka 1981 ilianza kutoa umeme kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria, na mwaka 1991 bwawa la Turkwel likaanza kazi. Uganda nayo iliongeza Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lililofunguliwa rasmi mwaka 2024. Leo waya wa Tororo si wa upande mmoja tena. Kuna nyakati umeme hutoka Uganda kuja Kenya, na kuna nyakati hutoka Kenya kwenda Uganda.

Faida yake huonekana wakati wa shida. Mwaka 2000 mvua zilikosekana Kenya, mabwawa ya Tana yakapungua sana, umeme ukagawiwa kwa saa. Miaka ya 2005 na 2006 ilikuwa zamu ya Uganda, kwa kuwa maji ya ziwa Viktoria yalishuka, na mitambo ya Jinja ikakosa nguvu. Mvua haina desturi ya kunyima nchi zote kwa siku moja. Kwa hiyo mwaka 2005 nchi za Afrika ya Mashariki ziliunda umoja wa kuuziana umeme. Mwishoni mwa mwaka 2022 Kenya ilianza kupokea megawati 200 kutoka Ethiopia kwa laini yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na mwezi wa Desemba 2024 laini ya kuunganisha Kenya na Tanzania ikatiwa umeme. Waya wa Tororo ndio mkubwa wa nyaya hizo kwa umri.

KWA NINI WAYA HUPITA BILA KUACHA TAA

Sasa hapana budi kujibu swali ambalo huulizwa katika baraza nyingi, nalo ni swali la haki: "Ikiwa stima yapita juu ya shamba, mbona haishuki nyumbani?"

Chukua mfano wa mkulima mwenye magunia 100 ya mahindi. Hayapeleki Eldoret kwa baiskeli, gunia moja moja, maana atamaliza mwaka mzima njiani na nguvu zote zitakwisha kwa safari. Huyapakia katika lori moja. Lakini lori hilo haliwezi kuingia mlangoni pa kila jikoni. Yabidi lisimame ghalani, magunia yashushwe, yachukuliwe kwa mkokoteni mpaka dukani, na dukani yapimwe kwa debe na kwa kibaba. Hapo ndipo mama wa nyumba aweza kupata unga.

Umeme nao ni vivyo hivyo. Ukisafirishwa mbali kwa msukumo mdogo, sehemu kubwa hugeuka joto ndani ya waya na kupotea. Kwa hiyo husafirishwa kwa msukumo mkubwa; waya wa Tororo una volti 132,000. Taa ya nyumbani yataka volti 240 tu. Mtu akijaribu kuunga nyumba yake na waya ule mkubwa, yeye na nyumba yake wataungua kabla hajasema neno. Ghala la umeme ni kituo cha kupunguzia msukumo, kama kile cha Musaga karibu na Webuye, au cha Lessos. Hapo volti 132,000 hupunguzwa kuwa 33,000 au 11,000. Nyaya nyembamba zaidi huuchukua umeme huo juu ya nguzo mpaka vijijini, na kijijini transfoma huupunguza tena mpaka kipimo cha nyumba.

Kwa hiyo mji wenye taa si lazima uwe ule ulio karibu na waya mkubwa, bali ni ule uliofikiwa na nguzo na transfoma. Hizo ni kazi za gharama, na kwa miaka mingi gharama hiyo ilimshinda mtu wa shamba. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilipunguza ada ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na mpango wa kuwafikia walio ndani ya meta 600 kutoka kwa transfoma ukaanza. Nyumba nyingi za mashambani zilipata taa kwa njia hiyo.

Hata hivyo waliosalia wasikae wakinung'unika kila mtu pake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa kijiji kimoja wakiandikisha nyumba zao pamoja, na shule na zahanati na kinu cha kusaga zikiwamo, ombi lao lina uzito kuliko maombi ishirini yaliyoletwa siku mbalimbali. Na nyumba ikipata umeme, waya wa ndani utengenezwe na fundi mwenye leseni. Kuiba umeme kwa kuunga waya gizani ni kuweka moto chini ya kitanda cha watoto.

MAFUTA YA ELDORET

Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafika Eldoret na Kisumu. Hapo bomba hukoma. Mafuta ya Uganda hupakiwa katika magari, na mengi ya magari hayo hupita Turbo na Webuye mpaka Malaba. Mpango wa kulirefusha bomba kutoka Eldoret hadi Kampala umezungumzwa tangu miaka ya 1990. Kampuni kutoka Libya ilichaguliwa kuijenga sehemu hiyo, lakini kazi haikutimia. Mwaka 2024 shirika la mafuta la Serikali ya Uganda lilianza kuagiza mafuta yake lenyewe, baada ya ubishi na Kenya kuhusu leseni uliofikishwa hata katika mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Majirani hawa walishtakiana, wakazungumza, wakapatana, na magari hayakuacha kupita.

Hapa pana neno ambalo kila mzazi wa Chekalini yampasa kulisema nyumbani kwake. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia na madebe na mitungi. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mwezi wa Julai 2021 jambo la namna hiyo lilitokea tena karibu na Malanga, katika kaunti ya Siaya, kwenye barabara iendayo Busia, na watu zaidi ya 10 wakafa.

Waliokufa hawakuwa wajinga wote, wala hawakuwa wezi wote. Wengi walikuwa watu maskini walioona mali ikimwagika chini. Lakini mvuke wa petroli hauonekani. Huenea juu ya ardhi mbali na lori lenyewe, na cheche moja yatosha kuuwasha, iwe ya sigara, ya pikipiki au ya chuma kugonga jiwe. Debe moja la petroli huuzwa kwa fedha za siku chache. Mtoto hanunuliwi kwa fedha zozote. Gari la mafuta likianguka, kazi ya jirani ni tatu tu: kuwaondoa watu, kuyazuia magari mengine yasikaribie, na kuwaita polisi. Mzee akimwona kijana akienda na mtungi, amkamate mkono. Atashukuriwa baadaye.

SIKU ZA UGOMVI

Ujirani huu umepata kuugua. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni ya Uganda, na mwaka huo mizigo ya Uganda ikazuiwa njiani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa, kila nchi ikachukua vichwa vya gari na mabehewa yake. Reli haikupona upesi. Mizigo mingi ilihamia barabarani, barabara zikachakaa, na ajali zikazidi. Mapatano ya kuifufua Jumuiya yalitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999, yakaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000.

Kisha ikaja Januari 2008. Wenyeji wa Lugari na Turbo hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea baada ya uchaguzi, maana wako waliopoteza nyumba, na wako waliopoteza watu. Barabara zilifungwa kwa mawe na miti, na reli iling'olewa Kibera. Malori yalisimama, na katika Uganda petroli ikaadimika na bei ikapanda ghafula. Mgonjwa wa Kampala, ambaye hakupiga kura katika uchaguzi wa Kenya wala hakujua jina la mgombea, alikosa gari la kumpeleka hospitali. Ndivyo ilivyo njia ya pamoja. Akiifunga mtu mmoja, huumia hata asiyejulikana.

Jambo hilo hutokea pia bila ugomvi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walipimwa mpakani Malaba, na foleni ya malori ikawa ya kilomita nyingi. Wenye vibanda kando ya barabara waliuza chakula zaidi kwa siku chache, lakini bidhaa madukani zilipanda bei kwa kila mtu.

MAHINDI NA MPAKA

Mkulima wa Chekalini ana haki ya kusema: "Njia hii hii huleta mahindi ya Uganda, ambayo huuzwa rahisi kuliko yangu." Ni kweli, wala haifai kufichwa. Uganda hupata mvua mara mbili kwa mwaka katika sehemu zake nyingi, na gharama ya kulima huko mara nyingi ni ndogo. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, lakini baada ya siku chache zuio hilo likaondolewa na masharti yakawekwa. Kwa hiyo mkulima asitegemee ya kwamba mpaka utafungwa ili bei yake ipande. Mpaka ukifungwa leo kwa mahindi, kesho waweza kufungwa kwa saruji, chumvi na sabuni ambazo Kenya huuza Uganda, na mtoto wa Chekalini aliyeajiriwa kiwandani atarudi nyumbani bila kazi.

Silaha ya mkulima ni ubora. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi sehemu 13.5 katika 100. Yasianikwe juu ya udongo mtupu wala kando ya lami, bali juu ya turubai. Yasiwekwe ghalani yakiwa na joto. Wakulima wakijiunga na kukusanya mavuno pamoja waweza kukodi lori zima, na lori zima hupunguza nauli ya kila gunia. Na pale umeme ulipofika, mashine ya kukaushia na kinu cha kusaga huongeza thamani kabla mahindi hayajaondoka kijijini. Waya, barabara na shamba vikishikana hivyo, ndipo njia ya wageni inapokuwa njia ya wenyeji pia.

WAJIBU WA MWENYEJI

Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na karibu nchi nzima ya Kenya ikaingia gizani. Ilionekana kwamba vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa. Siku chache baadaye Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, na marufuku hiyo ilidumu mpaka mwezi wa Mei. Mwizi huchukua kipande kimoja cha chuma, kisha kingine, akidhani mnara mkubwa hautajua. Bandu bandu huisha gogo. Ni vivyo hivyo kwa misumari ya reli, mafuta ya transfoma na alama za barabarani. Auzaye kilo mbili za chuma apata fedha ya mlo mmoja, na hospitali nzima yakosa taa wakati wa kumpasua mgonjwa.

Sheria yasema wizi huo ni kosa, na adhabu yake ni nzito. Lakini polisi hawawezi kulala chini ya kila mnara. Mlinzi wa kweli ni mtu aishiye karibu, ajuaye mgeni anayezunguka usiku, na ajuaye duka linunualo vyuma bila kuuliza.

Wenye mamlaka nao wana wajibu wao. Watu waliotoa ardhi kwa minara na barabara wapewe haki yao kwa wakati, na wanaoishi karibu na njia waelezwe mipango kabla matinga hayajafika. Ni vigumu kumwambia mtu ailinde taa ya mji wa mbali hali watoto wake wanasomea koroboi. Anayetaka ulinzi wa mwenyeji, amhesabu mwenyeji kuwa mwenzi.

Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Tororo ni karibu na Chekalini kuliko Nairobi. Watu wa pande hizo mbili huoana, huuziana ng'ombe, huzikana, na baadhi yao husema lugha zinazofanana. Wakuu wa nchi huweza kutia sahihi mapatano ya miaka 50, na yale ya mwaka 1955 yalikuwa ya muda huo. Lakini mapatano hayo hutimizwa kila usiku na watu wasiotia sahihi yoyote: wale wanaouacha mnara usimame, reli ilale mahali pake, na gari la mafuta lipite salama mpaka mpakani.